Kuwinda Desemba huku Minnesota kwa gobore: baridi niliijua, jasho ndilo lililonishinda

Mzawa_Urambo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Niko Minnesota mwaka wa tisa sasa, napiga shifti ya usiku kwenye ghala moja hapa St. Cloud. Niliwahi kugusia humu kwamba nawinda, watu watatu wakanifuata inbox wanataka simulizi. Leo nina off, nje ni nyuzi 22 chini ya sifuri, mama watoto kalala, chai ya tangawizi ipo. Tushuke taratibu.

Kwanza kuna jambo linanichekesha mpaka leo. Babu yangu kule Urambo alikuwa na gobore. Kitako kimefungwa waya, mtutu mrefu kama mpini wa jembe. Anamimina baruti mdomoni, anashindilia kwa mdeki, anatia risasi, anashindilia tena, anaweka fataki, ndipo anamtafuta mnyama kwa jicho. Akikosa, mpaka amalize kupakia nyingine mnyama ameshafika Kaliua. Nimekua nikijua gobore ni bunduki ya asiye na uwezo. Sasa navuka bahari, nafika kwa hawa jamaa wenye bunduki za kila namna, nakuta wametenga msimu mzima wa gobore, na leseni yake unailipia! Duka zima limejaa magobore yanayong'aa, yana darubini juu. Nilipompigia baba simu alicheka mpaka akakohoa.

Ukiwaelewa, si ujinga. Msimu wa bunduki za kawaida ni mapema Novemba, na karibu watu laki nne wanaingia porini hapa jimboni. Wakati huo ayala (yule wanayemwita deer huku) yuko kwenye joto la kupandana, madume wanawaza majike tu, wanakatiza barabara mchana kweupe kama walevi. Msimu wa gobore unaanza Jumamosi inayofuata sikukuu ya Thanksgiving (Alhamisi ya nne ya Novemba) na unakwenda siku 16, mpaka katikati ya Desemba. Una risasi moja. Ukikosa, umekosa. Na mnyama aliyebaki hai mpaka siku hizo ni yule aliyesikia milio yote ya Novemba akajifunza.

Nilifundishwa na mzee mmoja jirani, mkulima mstaafu mwenye shamba upande wa Little Falls. Nitamwita Mzee, hapendi mambo ya mitandaoni. Siku ya kwanza hakunipa bunduki. Alinipeleka kutazama vitanda.

Ndiyo, vitanda. Ayala akilala kwenye theluji, joto lake linayeyusha kidogo, likiganda linabaki umbo lake, duara refu kama sinia la pilau. Tulivikuta saba kwenye mteremko unaotazama kusini, maana huku jua la Desemba linapita chini chini upande wa kusini na mteremko huo ndio unaopata vuguvugu. Mzee akaokota unywele kwenye kitanda kimoja, akanipa, akaniambia niuvunje. Ndani una uwazi kama mrija. Koti lake la baridi lote ni la namna hiyo, hewa imefungiwa ndani. Ndiyo maana theluji inamwangukia mgongoni na haiyeyuki. Joto halitoki.

Akaniambia (natafsiri): "Kuanzia sasa huyu mnyama ana hesabu moja tu kichwani. Nikila hiki, nitatumia kiasi gani kukifuata? Wewe tafuta chakula kilicho karibu zaidi na kitanda, kaa katikati, nyamaza."

Nikadhani nimeelewa. Naendelea baada ya kupeleka takataka nje.

Kipara_Ngoto

Bila picha hii ni chai, mkuu. Ila endelea.

Halafu sahihisho dogo. Unasema "ayala". Kiswahili ni kulungu. Shuleni tumefundishwa hivyo, na kamusi inasema hivyo.

DerevaWaMasafa

Naweka kambi hapa. Napita I-94 kila wiki na lori, nawaona wamekufa pembeni ya barabara kama mbwa wa Kariakoo. Sijawahi kuwaza kuwawinda.

Mla_Mbilimbi

@Kipara_Ngoto, kulungu wa kwetu ni yule ambaye wengine wanamwita mbawala au pongo. Ana pembe za maisha, kama mbuzi: zikivunjika ndiyo basi. Huyu wa Marekani pembe zake ni mfupa, zinadondoka kila mwaka na kuota upya. Jamii yake haipo kabisa kusini mwa Sahara. Afrika nzima asili yake ni Algeria na Tunisia tu. Waliotafsiri Zaburi walimwita ayala, neno zuri, tulitumie.

Kipara_Ngoto

Pembe inadondoka halafu inaota? Hiyo nayo ni chai ya maziwa.

Mzawa_Urambo

Nimerudi. Kipara, pembe tutazifikia.

Jumamosi ya pili ya msimu. Mchana nyuzi 17 chini ya sifuri, na upepo. Upepo ndio mwenye nyumba huku, msidanganyike na namba ya kipimajoto. Jedwali la wataalamu wa hali ya hewa linasema nyuzi 18 chini ya sifuri, ukiongeza upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi inasikia kama nyuzi 28 chini, na ndani ya nusu saa kidole kilicho wazi kinaweza kuungua kwa baridi. Nililiogopa hilo jedwali kuliko simba. Nikavaa kila nilichokuwa nacho: fulana mbili za pamba, sweta, jaketi, juu yake jaketi la rangi ya chungwa inayowaka (hilo ni lazima kisheria, au la pinki inayowaka, ili wenzako wasikutandike). Soksi jozi tatu. Nikawa natembea kama pipa.

Toka nilipoegesha gari mpaka pale nilipopanga kukaa ni kama kilomita moja na kitu. Theluji magotini. Mnaojua kutembea kwenye mchanga wa pwani wakati wa joto, zidisheni mara tatu. Nilipofika, mgongo umelowa chapa, jasho linatiririka mpaka kwenye mkanda. Nilijisikia vizuri sana, nawaambia ukweli. Nikajiona mwamba. Nikakaa chini ya mti, mbele yangu ukanda wa mahindi ambayo hayajavunwa, nyuma yangu matete ya bwawani wanakolala.

Dakika ishirini, sawa. Dakika arobaini, nikaanza kutetemeka. Si kutetemeka kwa malaria, maana malaria inakuja na kuondoka. Huku kunatokea kwenye mifupa ya kiuno. Pamba ikishalowa haikaushwi na mwili, inakaa pale kama kitambaa cha maji unachomwekea mgonjwa wa homa. Nilikuwa nimejivika kitambaa cha maji mwili mzima, nyuzi 17 chini ya sifuri. Na zile soksi tatu zilikaza buti mpaka damu haishuki, vidole vikafa ganzi. Nilijaribu kukunjua kidole gumba ndani ya buti, sikujua kama kimekunjuka.

Saa kumi na robo jioni, jua linakaribia kuzama (Desemba linazama kama saa kumi na nusu), wakatoka. Majike watatu na mtoto wa mwaka. Wanatembea kwa mstari, kila mmoja anakanyaga alipokanyaga mwenzake asipoteze nguvu kuvunja theluji mpya. Hatua hamsini. Nikavua glavu niweke fataki, maana Mzee alinifundisha bunduki haiwekwi fataki mpaka umetulia. Fataki ya gobore za kisasa ni kikopo kidogo kama kifungo cha shati. Kikadondoka. Nikatoa cha pili, vidole vinakitazama tu. Cha tatu nikakisukuma kwa meno mpaka kikaingia, na mdomo ukagusa chuma. Wakuu, msiguse chuma kwa mdomo kwenye baridi ile. Nina alama mpaka leo.

Nikalenga. Nikavuta.

Tik.

Fataki imelia, baruti haijashika. Jike mkubwa akainua kichwa, akanitazama. Akapiga mguu wa mbele chini mara mbili, pu, pu, kama bibi anayekuuliza unafanya nini jikoni kwake. Wakageuka na mikia yao meupe juu, wakaingia kwenye matete.

Nikakaa nimeelekeza mtutu kulekule kama dakika nzima, kwa sababu baruti huweza kuchelewa ikalipuka ghafla. Haikulipuka. Nikaondoka gizani natembea kama mlevi, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu kutetemeka kulikuwa kumeacha.

Kibibi_Tanga

Yarabi! Kutetemeka kukiacha na bado uko kwenye baridi ndipo pabaya penyewe. Mimi ni nesi, Columbus, Ohio. Mwili unatetemeka ili utengeneze joto. Ukiacha maana yake umeishiwa. Kinachofuata mtu anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, na wapo wanaovua nguo wakidhani wanaona joto. Kaka, Mungu alikupenda.

DerevaWaMasafa

Hii imenikumbusha kisa nilichosimuliwa Winona, kando ya Mto Mississippi. Tarehe 11 Novemba 1940 ilikuwa sikukuu, asubuhi joto zuri tu, wawindaji wa bata wakaenda visiwani mtoni na majaketi mepesi. Mchana bata wakaja kwa makundi ambayo hawajawahi kuyaona, watu wakanogewa na kupiga. Wale bata walikuwa wanakimbia dhoruba! Joto likaporomoka, upepo, mawimbi, mitumbwi haiwezi kurudi, kisha theluji. Minnesota peke yake walikufa watu 49, karibu nusu yao wawindaji bata. Rubani mmoja wa pale, Max Conrad, aliruka na kindege chake siku ya pili kuwatafuta waliobaki hai na kuwadondoshea chakula na viberiti.

Mzawa_Urambo

Dereva, hicho kisa Mzee anakisimulia kila mwaka. Theluji ya siku ile pale Collegeville, jirani kabisa na mimi, ilifika kama inchi 27, yaani karibu sentimita 68. Watu wa huku mpaka leo wakiona wanyama wanakula kwa pupa mchana wanatazama upande wa magharibi. Na ni kweli: kabla ya dhoruba ayala wanatoka mapema kujaza tumbo. Ni saa nzuri kuliko zote za kuwinda, ilimradi ujue saa ya kuondoka.

Dada Kibibi, asante. Nilifika kwenye gari nikashindwa kugeuza ufunguo, nikaugeuza kwa viganja viwili.

Kesho yake nikaenda kwa Mzee na gobore langu. Akatoa risasi, akamimina baruti kwenye gazeti. Ilikuwa imegandana kama sukari ya guru. Akaniuliza, "Ijumaa usiku bunduki ililala wapi?" Nikamwambia chumbani, karibu na hita. Ijumaa nilikuwa nimetoka nayo porini, baridi kama barafu, nikaiingiza ndani kwenye joto. Chupa ya soda ukiitoa kwenye friji kule Dar inafanyaje? Inatoa jasho. Bunduki ilitoa jasho nje na ndani ya mtutu, baruti ikalowa. Jumamosi nikaenda porini na uji.

Mzee akasema: "Kwa hiyo mlitoka jasho wote wawili."

Tangu hapo: gobore linalala banda la nje, halina fataki, ndani ya mfuko wake. Bila fataki sheria ya hapa inalihesabu kuwa halijapakiwa. Mafuta ya bunduki nayafuta yote kabla ya Desemba, maana yakiganda kifyatulio kinakuwa kizito kama kimetiwa gundi. Na kwenye darubini usipumue. Pumzi moja tu na kioo kinakuwa cheupe.

Mwili nao: ngozini sufu nyembamba, pamba marufuku hata chupi. Natoka kwenye gari nikiwa nasikia baridi, makusudi kabisa. Jaketi zito liko mgongoni limefungwa kwenye begi. Natembea polepole kama anayesindikiza maiti, nikihisi mgongo unapata moto nasimama. Nikifika nasubiri dakika kumi nipoe, ndipo nalivaa jaketi. Soksi jozi moja nene, buti lenye nafasi. Chini ya makalio kipande cha godoro, kwa sababu ardhi inanyonya joto kuliko hewa.

Otieno_wa_BrooklynPark

Boss, hii uzi ni moto. Mimi ni Mkenya, niko hapo tu karibu na wewe. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo nikiona mtu amefunga mnyama juu ya gari naogopa KWS (askari wa wanyamapori wa kwetu) watatokea! Swali: mtu hana uraia, ako na green card, anaweza shika bunduki? Na nikianza, naanzia wapi?

Mzawa_Urambo

Otieno, sheria ya nchi inamruhusu mwenye green card. Mwenye viza ya muda (mwanafunzi, mtalii) kwa kawaida amekatazwa kabisa kuwa na bunduki au risasi, ingawa kuna vighairi, kimojawapo kuwa na leseni halali ya kuwinda. Asiye na makaratasi, asiguse hata ganda la risasi. Kosa dogo hapa linakuharibia njia yote ya uhamiaji, kwa hiyo kama una shaka lipa mwanasheria kwanza.

Halafu kuna darasa. Minnesota aliyezaliwa baada ya Desemba 31, 1979 lazima awe na cheti cha usalama wa silaha. Mimi nilisoma darasa moja na watoto wa miaka kumi na mbili. Mtihani nilipata 46 kati ya 50, binti aliyekaa pembeni yangu alipata 50, akaniuliza nilikosea wapi ili anisaidie.

Mwana_wa_Uvira

Jambo ndugu zangu. Mimi niko Iowa, Wakongo tuko wengi huku. Swali moja: kwa nini usiweke mahindi chini ya mti wako, wanyama waje wenyewe?

Mzawa_Urambo

Ndugu, Minnesota kumwekea chambo ni kosa, wanakuchukulia mpaka bunduki. Mahindi yaliyosimama shambani ni sawa, hayo ni kilimo. Na tukiacha sheria, ukimmwagia mahindi ghafla mnyama ambaye wiki sita amekula vijiti na magome, tumbo linageuka asidi na anaweza kufa ameshiba. Ni kama mbuzi tu, vijidudu vya tumboni vinahitaji muda kuzoea.

Sasa jike wangu. Kibali cha jike nilikuwa nacho, maana huku si kila eneo unaruhusiwa kupiga jike. Wanapanga mwaka kwa mwaka. Kuna hata kipimo cha ukali wa baridi: kila siku ambayo theluji imefika inchi 15, pointi moja. Kila siku ambayo joto limefika sifuri ya Farenhaiti (kama nyuzi 18 chini ya sifuri kwetu) au chini, pointi moja. Majira yakiisha chini ya 100 ni nafuu, yakipita 180 ni makali, na hapo watoto wengi wa ayala wanakuwa wamekufa kwa njaa na vibali vya mwaka unaofuata vinapungua.

Ilikuwa Jumatano ya mwisho ya msimu. Upepo umetulia, kimya kile ambacho unasikia miti inapasuka kwa baridi, paa, kama mtu kavunja rula. Nilikaa tangu saa nane mchana. Saa kumi kasoro wakatoka walewale watatu, kwenye mstari uleule. Nilikuwa nimeshaweka fataki nusu saa kabla, mkono wa kulia ndani ya jaketi umeshika kile kipakiti cha kupashia joto. Nikasubiri mkubwa ageuke ubavu. Nikafyatua. Gobore linatoa moshi mweupe kama jiko la kuni limefunguliwa, sekunde tatu huoni chochote.

Moshi ulipoondoka hakuna mnyama.

Kwenye theluji damu haidanganyi. Nilisubiri nusu saa nzima kwa saa, ndipo nikaenda. Ilikuwa nyekundu angavu, ina mapovu madogo: mapafu. Ingekuwa nyeusi nzito, ni ini, unampa saa kadhaa. Ukiona ya kijani au kahawia yenye harufu, umepiga tumbo, rudi nyumbani ukamfuate kesho asubuhi, ukimkimbiza sasa umempoteza. Alikuwa hatua sabini, amelala ukingoni mwa matete kama aliyepumzika.

Kutoa matumbo ndipo nilipomkumbuka babu. Nilipofungua kifua mvuke ukatoka mwingi, ukapanda wima kwa sababu hapakuwa na upepo. Mikono ilikuwa imekufa. Nikaiingiza yote miwili mle ndani mpaka kwenye kiwiko, nikakaa hivyo, sijui muda gani. Sikuwa na maneno, wakuu. Nilisema asante kwa Kinyamwezi.

Kibibi_Tanga

Umeandika vizuri. Ila kaka, usinichukie: huyo si kibudu?

Abuu_Rayyan

Dada Kibibi, masheikhe wengi wa zama hizi wanaruhusu mawindo ya risasi: utaje jina la Allah wakati wa kufyatua, risasi itoboe, na ukimkuta bado ana uhai umchinje. Mimi niko Rochester, nafanya hivyo. Wapo wasioridhika na risasi, kwa hiyo muulize sheikh wako.

Mla_Mbilimbi

Sisi Wasabato ayala tunaruhusiwa kabisa, anacheua na ana kwato zilizopasuka. Sungura ndiye hapana.

Mwana_wa_Uvira

Basi sungura wote wabaki kwangu, hahaha! Huku Iowa ndiyo mawindo yangu. Bunduki ndogo ya .22, theluji ya jana usiku, saa nne asubuhi jua likitoka. Wazungu wanalia baridi, mimi napika.

Mzawa_Urambo

Mwana wa Uvira, karibu mezani. Mimi Januari na Februari ni sungura na kuchakuro tu, na nawaambia kweli napenda kuliko ayala. Hakuna kukaa. Unatembea, mwili una joto.

Theluji mpya ni gazeti. Nyayo za sungura wageni wanazisoma kinyume: zile mbili kubwa za mbele ni miguu ya nyuma, maana akiruka inapita mbele ya mikono. Kwa hiyo anakwenda upande wa zile kubwa. Kichaka kikiwa na vijiti vimekatwa mshazari, safi kama kwa kisu, ni sungura. Vikiwa vimechanika nyuzinyuzi ni ayala, kwa sababu hana meno ya mbele ya juu, anang'oa. Unakwenda hatua tano kwenye rundo la matawi, unasimama kimya. Ule ukimya unamshinda. Anajua ukitembea unapita, ukisimama umemwona. Anatoka mwenyewe.

Kuchakuro siku ya upepo usihangaike. Subiri saa sita mchana, jua, hewa imetulia.

Tahadhari mbili za haraka. Sungura mchune na glavu, kuna ugonjwa unaitwa tularemia. Ini likiwa na vidoa vyeupe mtupe mzima, na nyama iive kabisa. Na bwawa usilivuke kwa sababu limeganda pembeni. Barafu safi ya kumbeba mtu ni sentimita 10, ila kwenye matete ni nyembamba kuliko inavyoonekana.

Otieno_wa_BrooklynPark

Na ile ugonjwa ya deer wanasema "zombie"? Nilisoma mahali nikatupa nyama niliyopewa na jirani.

Mzawa_Urambo

Hiyo ni CWD. Huku porini ilionekana mara ya kwanza 2010. Ni prioni, protini iliyojikunja vibaya, inakula ubongo wa ayala taratibu. Kupika hakuiui. Hajathibitika binadamu hata mmoja kuipata kwa kula, lakini ushauri wa CDC (taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa) ni usile mnyama aliyepimwa akakutwa nayo. Mimi kila mnyama natoa tezi za kooni zikapimwe, nyama inakaa friza mpaka jibu lirudi. Otieno, ulitupa nyama bure. Kingine, usijaribu kuiuza, nyama ya ayala wa porini haiuzwi. Unagawa.

Jike yule alitoka kilo 24 za nyama safi. Paja moja kwa Mzee. Msuli wa mgongo nilikaanga na kitunguu na pilipili manga tu, ukiupika sana unakuwa kandambili. Iliyobaki mama watoto aliisaga ya sambusa, Wazungu wa kazini wakaniuliza hii ng'ombe mnanunua duka gani.

Kipara_Ngoto

Yote sawa. Pembe je? Ulisema tutazifikia.

Mzawa_Urambo (wiki tano baadaye)

Kipara, bado upo?

Leo asubuhi nilikuwa nafuata nyayo za sungura ule upande wa mteremko wa kusini, penye vitanda. Katikati ya kitanda kimoja kuna kitu kimesimama kama kijiti. Nikakivuta. Pembe ya kushoto, nchani matawi manne, pale ilipoachana na kichwa pana ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, pana chembechembe kama mfupa wa supu. Haina damu, ni siku chache tu. Panya wameshaanza kuitafuna ncha wakitafuta chumvi na chokaa.

Dume mwenyewe yupo hai, nyayo zake zilikuwa zinaelekea kwenye mahindi. Picha nimeiweka hapo chini. Sasa niambie unaitaje.

Kipara_Ngoto

Ayala.

Ya kulia umeitafuta?